Askari wa Sita

Bahari ilikuwa imeshaondoka siku nyingi, lakini forodha ilibaki palepale, na makarani wake walibaki nayo, wakigonga mihuri kwenye karatasi za shehena ambazo hazikuja. Mji ule ndivyo ulivyokuwa. Kitu kikishaanza, hakuna wa kukiambia basi. Mtu akiuliza kwa nini, watu humtazama kwa huruma na kumuuliza kama amekula. Siwema binti Pandu alikuwa muulizaji tangu utotoni, na kwa sababu hiyo alikuwa amekula sana kwenye nyumba za watu.

Asubuhi ya kuufungua mwaka alipanda ngazi za forodha pamoja na baba yake. Ngazi zile zilikuwa kumi na saba, zimelika katikati kwa nyayo za watu ambao hakuna aliyewakumbuka, na ya tisa ilikuwa imevunjika pembeni. Mzee Pandu alikuwa na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Walipofika ile ya tisa, mkono wa Siwema ulikwenda wenyewe ukamshika kiwiko, ukamvusha, ukamwachia. Hakuufikiria. Miaka thelathini na ushei mkono ule ulikuwa ukifanya kazi hiyo bila kuagizwa na mtu, na mzee naye hakuwahi kuushukuru wala kuukatalia.

Huko juu ukumbini meza ilikuwa tayari, na viti viwili, na ubao wa miraba sitini na minne. Kila mwaka mji ulicheza sataranji na Mgeni. Mji ukishinda, mwaka mpya unafunguka, watu wanaendelea na shida zao. Mji ukishindwa, mwaka haufunguki. Waliwahi kushindwa zamani, na mwaka uleule ukawarudia mara tatu: wajawazito wakakaa na mimba zao wakisubiri uchungu usiokuja, na fundi mmoja akaezeka paa lilelile mara tatu, akalipwa mara moja. Tangu hapo hakuna aliyetaka mzaha na mchezo ule.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo ugonjwa ulipo. Kete nyeupe zilikuwa kumi na sita, na kila kete ilikuwa mtu. Kura ilipigwa siku saba kabla. Aliyeangukiwa alijichongea kete yake mwenyewe, akakaa nayo kwapani siku zote saba ili ishike joto lake. Baada ya hapo ilipelekwa mezani. Kete ikiliwa, mwenyewe hafi. Lahaula, afadhali angekufa, angezikwa na kusomewa hitima! Lilipotea jina lake. Likitoka jina, vilitoka na vyote vilivyofungwa kwalo: baba wa nani, mke wa nani, anadaiwa salamu na nani. Mke alirudi nyumbani akakuta nguo za mwanamume kwenye kamba, akazikunja, akazigawa. Hao walioliwa waliitwa Wale. Walifagia forodha, walipewa chakula, hawakuamkiwa. Si kwamba watu walikuwa wabaya. Utamwamkiaje mtu ambaye hujui umwite nani?

Mchezaji mzuri alipoteza watatu, wanne, na hao walikuwa bahati mbaya tu. Wa sita hakuwa bahati. Wa sita alikuwa desturi. Mchezo ulifunguliwa kwa mwendo mmoja tu, uliokuwa ukiitwa Mlango, na watoto waliuimba wakiruka kamba: wa mfalme, mbili, naye wa mfalme, mbili, wa sita, mbili, aliwe. Yaani askari anayesimama mbele ya askofu wa mfalme, wa sita ukihesabu kutoka kushoto, alisogezwa miraba miwili na kuachwa pale peke yake, mdomoni mwa adui. Mgeni alimla, mji ukapata nafasi ya kushambulia. Nani aliyeutunga Mlango? Hakuna ajuaye. Kwa nini yeye na si mwingine? Umekula wewe?

Siwema alikuwa amecheza miaka saba na kushinda yote saba. Kwa hesabu hiyo watu saba walikuwa wametolewa kwa vidole vyake mwenyewe, na hakumjua hata mmoja. Alijaribu kuwalilia akashindwa, kwa sababu kilio nacho kinataka jina. Mara nyingine aliwaangalia Wale wakifagia, akajiuliza ni yupi kati yao aliyewahi kumkopesha sukari, ni yupi aliyemchumbia. Halafu njaa ikamshika, akaenda zake kula. Mwaka huu kura ya askari wa sita ilikuwa imemwangukia Mzee Pandu.

Walisimama kwenye ngazi ya juu kabisa. Mzee alipenyeza mkono ndani ya kanzu, akaitoa kete kwapani, akampa. Ilikuwa ya mti wa mwarobaini, imechongwa na mtu ambaye macho yake yamechoka, na kitako chake hakikuwa sawa. Siwema aliisimamisha kwenye kiganja. Ikaegemea upande mmoja, kama mwenyewe.

"Baba," alisema, "mimi Mlango siuchezi."

"Utacheza nini sasa?"

"Ninavyojua."

"Ulivyofundishwa na nani?"

"Na wewe."

Mzee alicheka kidogo. Alimfundisha kweli, juu ya kifuniko cha sanduku, punje za mahindi zikiwa askari na vifuniko vya chupa vikiwa wakubwa wao. Alikuwa mwalimu mkali. Siwema akigusa punje bila kukusudia kuicheza, alichapwa kidole. Ukigusa umecheza, mzee alimwambia. Unataka kunyoosha kete iliyokaa upande, sema kwanza: natengeneza. Mdomo kwanza, mkono baadaye. Na askari akitoka kwake hutoka hatua mbili, hatoki moja. Hakuna anayehama nyumbani nusu nusu. Ndizo sheria za mji huu, usinibishie mimi.

"Usije ukatufungia mwaka kwa ajili yangu," alisema Mzee Pandu. "Watu wana mimba huko mjini."

"Nitashinda, baba. Nitashinda na wewe utakuwepo."

Mzee aliutazama mchanga mahali bahari ilipokuwa, na Siwema akaona kidevu chake kinatetemeka. Alikuwa anaogopa. Siwema hakuwahi kumwona baba yake akiogopa, na moyo wake ulimuuma mpaka akashika ukuta.

"Niite," alisema mzee.

"Baba."

"Hilo wanaitwa wengi. Niite jina langu."

"Baba, mambo gani hayo!"

Kwa sababu hakuwahi. Mtoto gani mwenye adabu humwita mzazi wake kwa jina? Alilisikia kwa majirani, kwa marehemu mama yake akiwa amekasirika, kwa karani wa kura, lakini mdomoni mwake halikuwahi kupita. Aliona haya kana kwamba ameambiwa amtazame mzee anaoga.

"Pandu," alisema polepole.

"Sema tena."

"Pandu."

"Basi. Limekaa vizuri mdomoni mwako," alisema mzee, akapangusa jicho kwa mkono wa kanzu. "Twende, wasije wakasema tumechelewa."

Mgeni alikuwa ameshakaa. Kila aliyemtazama aliona uso wake, na hakuna wawili waliokubaliana ni wa nani. Siwema aliona kwanza mwalimu wake wa chuoni, yule wa bakora. Alipovuta kiti akaona mama yake, siku aliyougua. Alipokaa na kuinua macho akajiona mwenyewe, mzee, amechoka, meno ya mbele hayapo. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro, na jua dirishani lilikuwa limesimama. Halingesogea mpaka mchezo uishe. Watu walijaa ukumbini mpaka madirishani. Mzee Pandu alisimama mstari wa mbele pamoja na wenzake kumi na watano, mikono nyuma, mabega yakiwa hayako sawa.

Mwamuzi alikuwa Bwana Vuai, mtu mfupi mwenye daftari kubwa, aliyeandika miendo yote ya mji tangu alipomrithi mjomba wake. Alikohoa.

"Aliyegusa amecheza," alisema. "Aliyeliwa hakuliwa na mtu, ameliwa na mchezo. Haya, bismillahi."

Siwema alimsogeza askari wa mfalme, hatua mbili. "Mbili," ukumbi ukaitika kwa sauti moja. Mgeni akasogeza wake, hatua mbili. "Mbili," ukumbi ukaitika. Hayo hayakuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa mbele, na kila mtu alishavuta pumzi ya kuutamka.

Alikaa. Mkono mapajani.

Miaka saba nilikuwa nikidhani nacheza. Kumbe nilikuwa nikisomeshwa. Mkono ulikwenda, mimi nikaufuata. Nani alikuwa amekaa kwenye kiti hiki, mimi au Mlango? Kama ni Mlango, basi sikumtoa mtu, nilikuwa kibarua tu, nilale usingizi wangu. Kama ni mimi. Hapo. Kama ni mimi, basi leo ndiyo siku yangu ya kwanza kukaa hapa, na hao saba walitolewa na nani? Na nikifungua kwingine, akaliwa mwingine, wa pili au wa nane, huyo atakuwa wangu kabisa. Nitamchagua kwa akili zangu. Sitakuwa na desturi ya kumsingizia. Afadhali yangu mimi. Afadhali kosa lililo langu kuliko haki ya watu wote. Baba amesimama mguu mmoja sasa, unamuuma. Mwenye akili angemletea kigoda.

Haya yote aliyawaza kwa muda ambao jua halikuupima. Watu hufikiri uhuru ni jambo la kushangilia, na huenda kwingine ni hivyo. Kwa Siwema, mahali pale, uhuru ulikuwa ubaridi tumboni, ule wa mtu aliyetoka nyumbani na katikati ya njia asijue kama amezima jiko. Desturi ina joto lake. Ukiwa ndani yake hata uovu wako una wenzako, mnaugawana kidogo kidogo mpaka kila mmoja anabaki na chembe isiyomzuia kulala. Akijitoa mmoja, anatoka na mzigo wote kichwani, na wale aliowaacha humshangaa anavyoyumba. Siwema aliijua ile shingo itakavyouma. Akainua mkono.

Akamshika farasi, yule wa upande wa malkia, akamrusha mbele ya askofu.

"Mbi—" ukumbi ulianza, ukakwama. Mtoto mmoja alimaliza peke yake, "aliwe," na mama yake akamziba mdomo.

"Siwema," alisema Bwana Vuai, "umekosea."

"Sijakosea."

"Mlango si huo."

"Sheria inakataza, Bwana Vuai?"

Alifungua daftari. Alifunua kurasa mbele na nyuma, akalamba kidole, akafunua tena. Kote ulikuwa uleule, mwaka juu ya mwaka, kwa hati za watu mbalimbali.

"Haikatazi," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Hakuna aliyefanya tu."

"Basi andika."

Akaandika. Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa, karibu na mlango, alianza kulia kwa hofu, na mume wake akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Wengine tulitoa wetu hatukulalamika!" Alitoa nani? Hakuweza kusema. Lakini alijua ametoa, na hasira yake ilikuwa ya kweli. Siwema hakugeuka. Alikuwa akimtazama Mzee Pandu tu, na mzee alikuwa ametoa mikono nyuma, anaushika mdomo wake ule uliokuwa unataka kucheka. Alikuwa na furaha, maskini. Mtu mzima yule, alikuwa na furaha ya wazi, isiyo na aibu, kwa vile amebaki kuwa mtu.

Mgeni hakuonyesha dalili ya kushtuka. Alimtoa farasi wake naye, wa upande wa mfalme, akamweka mahali pake. Kisha akachoka, au akajifanya kuchoka, akaegemeza mkono pembeni mwa meza. Meza ya forodha ilikuwa ya zamani. Ikainama kidogo, unene wa kidole tu. Kete thelathini na moja zilibaki zimesimama. Moja, ile ya mwarobaini, ile isiyo na kitako sawa, ikaanza kwenda upande, taratibu, kama mtu anayeteleza kwenye ngazi iliyovunjika.

Mkono wa Siwema ukamshika kiwiko.

Hakuufikiria. Ulikwenda wenyewe, vidole viwili, ukamnyoosha, ukamwachia. Kazi ya miaka thelathini na ushei. Ulipomwachia ndipo alipousikia ule ukimya.

"Natengeneza," alisema Siwema. "Natengeneza! Natengeneza, Bwana Vuai!"

"Umesema baada."

"Alikuwa anaanguka!"

"Angeanguka," alisema Vuai, "ningemwinua mimi. Mwamuzi haigusi kete kwa kucheza." Alisema bila chuki. Kalamu ilikuwa imeshakaa kwenye karatasi, inasubiri. "Askari wa sita. Umegusa, mama. Cheza."

Siwema alitafuta msaada ukumbini. Alikuta nyuso zimetulia, zimepata nafuu, kama wagonjwa homa imewashuka. Mwanamke mwenye mimba alikuwa ameacha kulia. Akamtafuta Mzee Pandu. Mzee alikuwa anamtazama mkono, si uso, ule mkono. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yao wawili, akaushukuru.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Nilikuwa naanguka kweli. Cheza."

"Baba, samahani. Baba, nisamehe."

"Si nilikufundisha mwenyewe? Cheza, usimkalishe mgeni."

Akamsogeza. Hatua mbili, kwa sababu askari hahami nyumbani nusu nusu. "Mbili," ukaitika ukumbi wote, na ile furaha ya sauti zao ndiyo iliyomtoa Siwema machozi. Mgeni alinyoosha mkono juu ya ubao. Uso wake, wakati ule, haukuwa wa mtu yeyote. Aliinama akasema kwa sauti ndogo, ya Siwema peke yake:

"Yule mchezaji wa kwanza kabisa, naye wa sita wake alikuwa mtoto wake, na kete yake haikusimama vizuri. Naye aliinyoosha tu. Mambo haya hamkuyatunga kwa ukatili." Kisha akamla.

Hapa nami nashindwa. Kurasa chache nyuma nilikuwa nalo jina la mzee huyu, nililitaja mara nyingi, hata nilimtajia binti yake ubini kwalo. Wewe unaweza kurudi ukalitazama. Mimi nikirudi naona pengo. Kulikuwa na mzee mstari wa mbele, bega moja chini. Karani alimpa ufagio, akaupokea.

Mchezo uliendelea, na Siwema alicheza vizuri kuliko miaka yote saba. Askari wa mfalme alisonga akamsukuma farasi wa Mgeni mpaka akarudi zizini alikotoka. Huko nyuma ya pengo la yule wa sita njia ilikuwa nyeupe, na ngome ikapita pale pale. Walipotea wengine wawili tu, sijui nani. Mfalme mweusi alipolazwa ubavu, saa ya ukutani iligonga saa nne, jua likasogea, na yule mwanamke wa mlangoni akashika kiuno akapiga kelele kwamba uchungu umeanza. Watu walicheka na kulia. Siwema alibebwa juu juu. Alikuwa na machozi mashavuni ambayo hakujua yametoka wapi, akayapangusa, akadhani ni ya ushindi.

Bwana Vuai alimwita mezani kuweka saini. Alikuwa na furaha, alikuwa amepiga mstari chini ya ule Mlango wa kale na kuanza ukurasa mpya.

"Huu ni bora zaidi," alisema. "Kuanzia mwakani watoto wataimba huu. Wa mfalme, mbili. Farasi, mbele ya askofu. Mnyooshe wa sita. Halafu mtoe, aliwe. Pale pa kumnyoosha ndipo pana siri, nimepaona. Mgeni anadanganyika pale. Jina kamili?"

"Siwema."

"Binti?"

Siwema alifungua mdomo. Alingoja. Kulikuwa na haya fulani mdomoni, haya ya kitoto, kama kitu ambacho si adabu kukitamka, na nyuma ya ile haya hapakuwa na kitu.

"Andika Siwema," alisema. "Inatosha."

Alitoka nje akiwa wa mwisho. Kwenye ngazi alimkuta mmoja wa Wale, mzee, mguu mmoja mfupi, anashuka huku anafagia, ngazi moja moja. Alipofika ya tisa aliyumba. Mkono wa Siwema ulikwenda ukamshika kiwiko, na yeye mwenyewe akaushangaa, maana hakuwa na desturi ya kuwagusa.

"Angalia ngazi hiyo," alimwambia.

Mzee alisimama. Alimgeukia, macho yamejaa, akasema, "Sema tena."

Masikio yamemwisha, alidhani Siwema, na akamwonea huruma. Akamsogelea, akapaza sauti, polepole, neno moja moja.

"Nimesema, angalia hiyo ngazi."

"Ndiyo," alisema mzee. Akangoja kidogo zaidi, kiwiko bado kimo mkononi mwake, mpaka alipoona hakuna kingine kinachokuja. Kisha akaendelea kufagia.